Kilo Tano za Kinole

Kila Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua kibanda changu cha ushonaji pale Mazimbu, nilikuwa najipima tumbo kwa futi ileile ninayowapimia wateja. Namba naiandika kwenye daftari la vipimo, katikati ya viuno vya watu: huyu gauni la mahafali, yule sare ya kwaya, halafu mimi. Mwezi wa nane ulipoingia, futi ilianza kunipa namba ambazo sikuwahi kuziandika kwa mtu yeyote, hata kwa wale akina mama wa kwaya ambao sare zao hula kitambaa bila huruma. Nilizipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, mimba yangu ya kwanza, baada ya miaka sita ya ndoa na maswali ya majirani. Nilifurahi mpaka nikawa kero. Mteja akiniuliza kama ni mapacha, namjibu, "Ni mmoja tu, mama, ila kamili," kwa majivuno ya fundi aliyemaliza kazi ngumu. Mtoto mwenyewe alikuwa akijigeuza, cherehani inatikisika. Nilikuwa nakanyaga pedeli huku nikicheka peke yangu.

Majivuno yale nilikuwa nayo kabla hata ya mimba, kwa sababu na mimi nilizaliwa bonge la mtoto. Nilizaliwa Kinole, juu milimani Uluguru, nyumbani kwa bibi, msimu wa mvua, barabara ya kushuka mjini imekatika. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mnunuzi wa pilipili manga na karafuu, na alikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano na mshale. Nilipozaliwa akapewa mtoto, akamtundika, akapima. Kilo tano. Habari hiyo nimeisikia kwenye kila harusi na kila arobaini ya ukoo wetu. Mjomba huwa anaigiza mshale kwa kidole: unashuka, unashuka, unagoma kwenye tano. Mtu akibisha kwamba alipima na kanga, anajibu kwamba kanga alishaitoa kwenye hesabu, yeye si mtoto mdogo.

Kuna jambo jingine inabidi niliseme hapa. Mkono wangu wa kushoto haupandi juu ya bega. Nyumbani waliniambia nilianguka kitandani nikiwa mchanga, na mimi nikalichukua hivyo, maana kuanguka kila mtu ameanguka. Kwenye cherehani haunisumbui. Mteja mrefu nikitaka kumpima mabega namwambia akae kwenye stuli, na kilemba changu mume wangu ndiye anayenifunga kila asubuhi, vibaya, lakini kwa moyo.

Basi nilikwenda kliniki wiki ya thelathini na nane nikiwa na roho nyeupe. Daktari alikuwa dada mmoja mdogo kuliko mimi, anaongea taratibu na hana haraka ya kumwita anayefuata. Alinipitisha kwenye utrasaundi, akapima mara mbili, akaniambia niamke nikae.

"Mtoto wako ni mkubwa, dada. Mashine inasema kilo nne na nusu na ushee. Inaweza kukosea, akawa pungufu au akazidi. Sukari yako iko sawa, presha iko sawa, mtoto amegeuka vizuri."

"Ndiyo mtoto wa kwetu huyo," nikasema.

Akatabasamu. Akanieleza kwamba kuna njia mbili na zote ni halali. Naweza kusubiri uchungu nikajaribu kuzaa kawaida, hapohapo hospitali, na chumba cha upasuaji kikiwa tayari. Au tunapanga siku, napasuliwa. Kila njia ina shida zake: kidonda cha upasuaji kinachelewa kupona na kinaacha alama kwenye mimba zinazofuata, na kwa mtoto mkubwa, kawaida ina hofu moja hasa, kichwa kutoka halafu mabega yakanasa. Haitokei kwa wengi. Ikitokea, dakika ni chache.

"Kwenu kuna historia ya watoto wakubwa?"

Nilikuwa naisubiri hiyo. Nilimpa mizani, mshale, ndoano na mvua iliyokata barabara. Nilimwambia nilizaliwa kilo tano, chini, kwenye mkeka, mkunga akiwa bibi yangu, na hakuna mtu aliyeshika wembe isipokuwa wa kukatia kitovu. Kwa hiyo nitazaa kawaida, dokta, andika.

Hakuandika. Alikuwa anautazama mkoba wangu, ambao nilipoingia niliurusha kwenye msumari kwa mkono wa kulia nikiuvusha mbele ya kifua, ingawa msumari ulikuwa upande wa kushoto.

"Hebu nyanyua mikono yote miwili juu."

Nikanyanyua. Mmoja ukapanda, mwingine ukaishia pale unapoishia siku zote.

"Huu tangu lini?"

"Nilianguka nikiwa mchanga."

"Mchanga wa miezi mingapi?"

Daktari alilishika bega langu, akauzungusha mkono polepole, akaulaza mapajani kwangu kwa adabu.

"Mama yako yu hai?"

"Yupo. Anashuka kesho kuja kukaa na mimi."

"Muulize vizuri hiyo habari ya kuanguka. Halafu Ijumaa uje uniambie umechagua nini. Sikutishi, dada. Nataka uchague ukijua."

Nyumbani nilimweleza mume wangu yote isipokuwa lile la mkono, ambalo niliona ni udadisi tu wa daktari. Yeye ni mtu wa Iringa, anafanya kazi kiwandani, maneno yake machache. Akasema tupange siku ya upasuaji.

"Kwetu hatupasuliwi," nikamwambia.

"Kwenu nani mwingine alizaliwa kilo tano?"

"Mimi tu."

"Sasa hao wengine wanatuhusu nini?"

Nilimnunia mpaka chakula kikaiva. Tena alijua kwamba hata tukikubaliana sisi wawili, bado. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na jambo zito la mtoto linapita kwa mjomba. Mume wangu alishaliona hilo siku ya posa, na tangu hapo anajiita mgeni wa kudumu. Mjomba naye msimamo wake nilikuwa naujua bila kuuliza.

Kesho yake, Alhamisi, walifika kabla ya adhuhuri, mama na mjomba, kwenye kiti cha mbele cha pikapu iliyobeba ndizi. Walishusha mkungu mzima, fenesi, mdalasini wa kuchemshia chai ya mzazi, na gunia dogo ambalo mjomba hakutaka mtu alishike. Shikamoo zilipoisha, akalifungua. Ilikuwa ile mizani. Ameipiga msasa, ameitia mafuta, ndoano inang'aa.

"Nimekuja kumpima mjukuu wangu mwenyewe," akasema. "Za hospitali mimi siziamini."

Nilipiga vigelegele pale nilipokaa. Mume wangu akapanda kwenye kiti, akaitundika mizani juu ya fremu ya mlango wa sebuleni, wakaijaribu kwa vichane vya ndizi. Mjomba akasimulia tena, kidole kinashuka, kinashuka, kinagoma. Sote tulicheka, na mtoto akanipiga teke la ubavu nikadhani na yeye amesikia. Mjomba alipoambiwa habari ya njia mbili hakutumia hata muda wa kumeza chai. "Aliyezaliwa kilo tano kwenye mkeka atashindwaje kumzaa wa nne na nusu kwenye kitanda cha magodoro? Hakuna kisu."

Niliona nimeshinda. Nikamtazama mume wangu kwa jicho la kumkomoa, na ili nimalize kabisa habari ya daktari, nikauliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Mjomba, siku ile unanipima, mkono wangu ulikuwaje?"

"Mkono?" Akafikiri. "Mkono sikuuona. Walikuwa wamekuviringisha kanga mpaka kidevuni. Nilikabidhiwa bunda, nikapima bunda."

Mama alinyanyuka, akachukua chupa ya chai ambayo ilikuwa bado imejaa, akaenda nayo jikoni.

Nilimfuata, mkono mmoja kiunoni. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, ameweka ungo wa mchele mapajani, anachambua mchele ambao nilishauchambua jana.

"Mama, nilianguka lini?"

Aliendelea kutoa mawe ambayo hayapo. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Hukuanguka."

Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Kichwa kilitoka vizuri," akasema. "Tukashukuru, bibi yako akaanza hata kucheka. Halafu mabega yakakataa. Nilisukuma, hakuna. Wakanigeuza, hakuna. Bibi yako akaona unabadilika rangi, akashika, akavuta. Ulitoka kimya, mkono huo unaning'inia. Ulilia jua likiwa limeshapanda. Ziwa ulilishika siku ya tatu."

"Na mkaniambia nilianguka."

"Tulikubaliana wanawake wote waliokuwemo. Mambo ya chumba cha uzazi hayatoki nje, hata wewe ulifundishwa hivyo ulipokuwa mwali ndani. Na bibi yako alikuwa analia, anasema amemvunja mtoto wa ukoo. Ningemtoaje nje na habari hiyo? Wanaume walikuwa barazani wanataka kujua kitu. Tukawapa uzito."

Nilikasirika, sitaficha. Niliona sura ya kila mtu niliyewahi kumringia kilo tano. Niliwakumbuka watoto wa shule waliokuwa wakiniita kwa mkono wangu, na mimi nikijitetea kwamba nilikuwa mtundu tangu utotoni. Nilitaka kusema neno kali. Lakini mama alikuwa ameshika mchele kwenye viganja vyote viwili, na mtoto wangu wakati huohuo akajinyoosha kutoka mbavu hadi nyonga, mtu mzima kabisa ndani ya mtu, nikashika pale nilipohisi bega lake. Hasira ikapishana na kitu kingine. Niligundua kwamba sina tena cha kuchagua, nimeshachagua, nimekaa juu ya ndoo. Na pale pale nilifurahi kuliko siku zote, kwa sababu sasa nilijua namna ya kumtoa.

"Ninakwenda kupasuliwa, mama."

"Nenda, mwanangu."

"Nikamwambie mjomba."

Akanishika nguo. "Ukisema wewe atasema ni woga wa mimba ya kwanza. Nitasema mimi."

Msomaji asiyetoka kwetu anaweza asione ukubwa wa jambo hilo. Mama yangu katika miaka sita hakuwahi kumtazama mkwewe usoni. Akiwa na neno la kumwambia hulipitisha kwangu, hata kama ni chumvi imepungua. Sasa alisimama mlangoni, chini ya mizani, akajitanda kanga vizuri, akaligeukia pazia la dirisha kama ndilo lililomwita, akasema yote. Kichwa, mabega, kuvuta, kimya, siku ya tatu. Hakuruka kitu, ila hakutaja ni mkono wa nani uliovuta. Mume wangu alikuwa ameinamia vidole vya miguu yake mwenyewe, na hakuinua kichwa mpaka mwisho, na kwa hilo nilimpenda sana.

Mjomba alikaa. Kidole chake cha mshale kilikuwa bado kimenyooka juu ya goti.

"Mama yetu alijua?"

"Ndiye aliyevuta."

Halafu akapanda kwenye kiti mwenyewe, bila kusaidiwa, akaiondoa mizani, akatoa vichane vya ndizi, akairudisha kwenye gunia na kulifunga mdomo kwa kamba.

"Miaka thelathini na mitatu natembea na nusu ya habari," akasema. "Tena nusu yenyewe ya kuchekesha." Akanigeukia. "Nenda kwa daktari wako. Mimi nimeruhusu."

"Nilikuwa naenda hata hivyo, mjomba."

"Najua. Niachie na mimi niruhusu."

Tukacheka, mama naye akacheka akiwa amelitazama pazia lake. Mjomba alirudi Kinole jioni hiyohiyo, na gunia akaondoka nalo.

Ijumaa nilimpa daktari jibu kabla sijakaa. Alisikiliza habari ya bibi mpaka mwisho, akasema yule bibi aliyevuta ndiye aliyenifanya niwe hai nikamsimulie yeye, na nimwambie mama hivyo. Kisha akasema kwamba lililonipata mimi si lazima limpate mtoto wangu, kwamba bado naweza kujaribu kawaida nikitaka. Nikamwambia sitaki. Tukapanga Jumanne asubuhi. Kabla sijatoka nilimuuliza atanishona mshono gani na kwa uzi gani, maana na mimi ni fundi. Akanieleza tabaka kwa tabaka, na la juu, akasema, atalipitisha kwa ndani lisionekane. Nilimwambia hapo ndipo fundi hujulikana.

Siku tatu zile sikulala vizuri kwa furaha. Nguo za mtoto nilizozishona tangu mwezi wa tano zote zilikuwa za mtoto wa watu wengine, vijinguo vya kumtosha paka. Nilikaa kibandani Jumamosi nzima nafumua. Niliongeza upana, nikatoa pindo, na makwapa nikayakata upya makubwa, nafasi ya mkono kupanda na kushuka. Wateja walikuja kuuliza nguo zao nikawaambia wavumilie, kuna mteja wangu anafika Jumanne. Mama alikaa pembeni anashona vifungo. Hatukuzungumza sana, ila mara moja alinishika bega lile la kushoto, akauacha mkono wake juu yake kwa muda, nikaendelea kukanyaga cherehani.

Jumanne ilikuwa imenyesha usiku kucha, na asubuhi milima ilitokea mizima, imeoshwa, hata makorongo yake nikayaona. Mume wangu alinifunga kilemba, daktari akaniambia nikivue, nikamwambia angalau amekiona. Nilichomwa sindano ya mgongoni, miguu ikahama. Niliongea mfululizo. Nilimwambia muuguzi habari ya makwapa, nikamuuliza mwenye dawa ya ganzi kama ameoa, mpaka daktari akasema kutoka upande wa pili wa kitambaa kwamba sasa nitahisi kuvutwavutwa, ninyamaze kidogo nimsikilize mwanangu.

Nikanyamaza. Nilihisi tumbo likisukumwa, kisha likawa jepesi.

"Mabega haya kweli ni ya kwenu," akasema daktari.

Kisha mtoto akalia, akanyanyuliwa juu ya kitambaa nimwone. Msichana. Mkubwa, mwekundu, amekunja uso amekasirika kama mimi. Baridi ilipomgusa alishtuka, akaitupa mikono yote miwili juu, vidole vimefunguka, wa kulia na wa kushoto pamoja. Nikaomba wamnyanyue tena. Wakamnyanyua tena, na akatupa tena. Nililia machozi yanaingia masikioni na sikuweza kuyafuta.

Kilo nne na gramu mia nane. Mume wangu aliiandika kwenye kiganja chake asije akaisahau, maana alijua nani atapiga simu na atauliza nini.

Simu iliita saa nane mchana, wodini. Mama alikuwa amempakata mjukuu, amemviringisha kanga mpaka kidevuni, kama walivyoviringishwa wote wa kwetu. Mume wangu akaweka sauti ya nje na kufungua kiganja tayari kusoma.

"Shikamoo mjomba," nikasema.

Mjomba hakuitikia.

"Mikono?" akauliza.

Mama alimlaza mtoto kando yangu na kumfungua kanga, pale mbele ya mkwewe, polepole, mpaka mabega yakawa nje. Akaushika mkono wa kushoto, akaupandisha juu ya kichwa. Mtoto akaupokonya.

"Yote miwili, mjomba," nikamwambia.

Nilimsikia akivuta pumzi kule Kinole. Halafu akasema anamshukuru Mungu, na simu ikakatika. Uzito hakuuliza mpaka kesho yake.